Krimu na Magnolia kwenye Ukuta wa Baba Chebet

Juzi binti mmoja anayejifunza kazi ya rangi alinionyesha simu yake. Kwenye simu kulikuwa na picha mbili za ukuta. "Mzee, niambie ukweli," akasema, "hizi si ni colour moja tu, hawa watu wa rangi wanatubeba ujinga na majina?" Nilivaa miwani, nikaangalia, nikamrudishia simu yake. Nikamwambia siwezi kupima rangi kwa simu kama vile siwezi kuonja chai kwa picha ya kikombe. Alicheka. Nafikiri aliona nakwepa swali kwa sababu ya uzee. Basi namjibu hapa, yeye na nyinyi wenzake mliochukua brashi juzijuzi, na mnivumilie jibu likiwa refu, kwa sababu ndani yake kuna aibu yangu.

Nimepaka nyumba za watu zaidi ya miaka ishirini, Sotik, Kaplong, Ndanai, na Kericho mjini kila nilipoitwa. Rangi kali hazikuwahi kunisumbua. Mtu akitaka buluu ya duka unampa buluu, na ikimchosha anajua alijitakia mwenyewe. Zilizonitesa ni hizi rangi za upole. Miaka ile ya tisini, kila aliyejenga nyumba ya mawe alitaka sitting room "iwe safi lakini isiwe nyeupe sana." Nyeupe sana, walisema, ni ya wodi. Kwa hiyo tukabaki na krimu na magnolia, na watu waligombana juu ya hizo mbili mpaka ndoa zikatikisika.

Krimu ina manjano kidogo ndani yake, kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa majuzi. Magnolia ina wekundu kidogo, kama ukucha wa mtoto mchanga. Ukifungua mikebe miwili ukaiweka kando kando, hata mtu asiye fundi ataona tofauti. Funika mmoja, na hutajua tena unaangalia upi. Hapo ndipo kazi yenu inapoanza, vijana, na hapo ndipo mimi nilipoangukia.

Aliyenifundisha alikuwa mzee Arap Mosonik. Tangu ujana wake alikuwa akipaka nyumba za mameneja wa mashamba makubwa ya chai, na alikuwa na maringo ya mtu aliyewahi kumwambia meneja kwamba amechagua vibaya. Nilipoenda kwake nilikuwa mtu mzima tayari, mwenye watoto wawili, nimeacha kuchuna chai baada ya miaka sita kwa sababu ya mgongo. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye chumba kitupu, akapindua mkebe, akaniambia, "Kaa hapo." Nikakaa. Saa moja ikapita, saa mbili, naye anavuta tumbaku nje. Nikamwuliza tutaanza lini. Akasema, "Tumeanza. Wewe angalia hiyo ukuta vile inageuka." Nikadhani mzee amechanganyikiwa. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeona ukuta ule mmoja, usio na rangi, ukiwa wa kijivu, kisha wa manjano, kisha wa kijani kidogo jua lilipoangukia chai iliyokuwa nje ya dirisha.

"Usiangalie mkebe," aliniambia siku hiyo, na siku nyingi baadaye. "Angalia dirisha. Uone nje kuna nini."

Kuna mwalimu wa Kaplong ambaye mke wake alitaka nyeupe yenye ubaridi, aliiona kwa jamaa zake Nakuru. Tukampakia. Nyumba ilikuwa katikati ya chai, chai imefika mpaka ukutani. Jumapili wakaja wageni, na mama mkwe wa mwalimu, baada ya kuwatazama watu wote waliokaa kwenye viti, akauliza kwa sauti kama ni malaria imeingia katika ukoo huu. Nyuso zote zilikuwa za kijani! Tulirudi Jumatatu, Arap Mosonik akatia matone machache ya rangi nyekundu kwenye ndoo nzima, akakoroga mpaka jasho likamtoka, na watu wakapona.

Chukueni hili kwa kalamu. Msichague rangi dukani, chini ya taa ya tyubu. Pakeni kipande cha katoni, mikono miwili, yaani rangi mara mbili, kikauke kabisa, maana rangi ya maji ikikauka hukolea. Kisha tembezeni hiyo katoni kila ukuta, asubuhi, saa sita, na saa saba mawingu ya mvua yakishafunga. Vaeni shati la kijivu siku hiyo. Nimewahi kupoteza siku nzima nikiulaumu mkebe, kumbe wekundu niliouona ukutani ulitoka kwenye sweta yangu. Na huku kwetu mtu mwenye akili huweka brashi chini mapema, kwa sababu mvua ya saa nane haimuulizi mtu ruhusa, na unyevu wake huacha madoa kwenye rangi mbichi hata kama dari ni nzima.

Haya yote niliyajua. Nayataja ili mjue kwamba nilipokosea sikuwa mwanafunzi.

Mama Chebet alikuwa mjane, nyumba yake iko kati ya Sotik na Ndanai, na chai yake inaanzia hatua nne kutoka dirisha la sitting room. Mume wake, Baba Chebet, alikuwa amejenga hiyo nyumba polepole kwa miaka mingi. Ilipofika rangi, alikataa fundi, akanunua mkebe mmoja na brashi ya inchi nne, akasema atapaka mwenyewe. Alianzia mlangoni, kwenye ule ukuta mrefu unaotazamana na dirisha. Akafika kama theluthi mbili. Juu alikuwa amefika mbali zaidi kuliko chini, kwa sababu kuinama kulimuuma. Akaweka brashi, akasema kesho. Ile kesho alipelekwa hospitalini, na hakurudi akitembea.

Miaka mitatu ukuta ulikaa hivyo. Kisha binti yake wa kwanza, Chebet, akapata mchumba, na koito ikapangwa mwezi wa nane. Kwa wasiotoka kwetu, koito ni siku ambayo watu wa mume mtarajiwa huja nyumbani kwa msichana kuzungumza na wazee wake, wanakaa, wanakunywa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, na nyumba nzima inapimwa kwa macho hata kama hakuna anayesema. Mama Chebet aliniita mwezi wa sita.

"Chamgei, Fundi."

"Chamgei mising, mama."

Alinipeleka moja kwa moja mbele ya ule ukuta. Hakunipa hata kiti.

"Hii yote ni mkono ya Baba Chebet," akasema. "Alifika hapa, akasema kesho. Sasa wewe uanze hapa kwenye aliacha, umalize hii na hizo zingine zote. Lakini hii yake usiguse."

"Mama, ingekuwa rahisi nipige yote mara moja, ikae fresh."

"Nimesema usiguse. Nataka wageni wakikuja wapate amemaliza nyumba yake."

Nilielewa, na nilimheshimu kwa hilo. Nilisogea karibu nikaangalia kazi ya marehemu. Haikuwa kazi ya fundi. Alipiga brashi kwa mshazari, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila mpigo ulionekana. Karibu na fremu ya mlango, unywele mmoja wa brashi ulikuwa umegandia ndani ya rangi, umejikunja. Ukitaka kumjua mtu ambaye hukuwahi kukutana naye, ukuta kama ule unakuonyesha mengi.

Shida ilikuwa moja. Mkebe wake ulikuwa bado uko stoo, lakini unyevu ulikuwa umekula karatasi yote ya jina, na ndani kulibaki ngozi kavu iliyogeuka kahawia. Nilienda Sotik kwa Mama Njeri, mama wa Kikuyu aliyekuwa na hardware pale tangu nikiwa mchunaji. Nikamweleza. Hakufikiri hata kidogo.

"Huyo mzee alichukua magnolia," akasema. "Mimi namkumbuka. Alikuja na gumboots, akaniuliza kama hii ni rangi ya watu wa kawaida ama ni ya wazungu."

"Hiyo ni miaka mitatu, Mama Njeri."

"Fundi, mimi wateja wangu siwasahau."

Nilichukua kidogo cha krimu na kidogo cha magnolia, nikapaka katoni mbili, nikafanya kila kitu kama nilivyowafundisha hapo juu. Niliziegemeza kwenye ukuta wa Baba Chebet asubuhi, saa sita, na mawingu yakifunga. Magnolia ilionekana mpya mno, kama shati la Krismasi. Krimu ikazama kwenye ule ukuta mpaka nikashindwa kuona katoni inaishia wapi. Nilirudi dukani nikifurahi, nikamwambia Mama Njeri kwamba kumbukumbu yake imemdanganya.

"Wewe unauza, mimi napaka," nikamwambia.

"Haya," akasema, "mwenye macho ni wewe."

Nilipaka krimu. Pale mikono miwili ilipokutana, yake na yangu, nilifanya kazi kwa brashi ndogo, nikifuata mshazari wake, na nilipomaliza sikuona mpaka wowote. Mama Chebet alipita pale mara tatu akitafuta. Akacheka peke yake, akajifuta macho kwa leso, akaniletea chai na mahindi ya kuchoma. Nawaambia wazi, nilijisifu. Nilimsimulia kila mtu aliyekuwa tayari kusikiliza.

Mwezi wa saba, baridi ilipoingia, baba mdogo wa Chebet, aliyekuwa akisimamia shamba la marehemu kaka yake, aliona chai imepanda juu sana, akaipogoa. Mnajua chai iliyopogolewa inavyokaa. Ule uso wote wa kijani, ulio sawa kama meza, unakatwa, unabaki vijiti vya kahawia vinavyofika magotini, na udongo mwekundu katikati. Mimi nilisikia habari hiyo nikaona ni habari ya shamba tu.

Siku ya Jumatano, koito ikiwa Jumamosi, Mama Chebet alinitafuta Sotik mwenyewe. Nilikuwa juu ya ngazi.

"Fundi, shuka ukuje uone. Ukuta imegawanyika."

"Ukuta haiwezi kugawanyika, mama. Labda ni crack."

"Si crack. Kuja."

Niliingia kwenye ile sitting room, nikasimama mlangoni. Mwanga wa kijani ulikuwa umeondoka. Sasa dirishani kulikuwa na anga jeupe na udongo mwekundu, na ule ukuta mmoja ulikuwa kuta mbili. Upande wa Baba Chebet ulikuwa umetoa wekundu wake wote, umefifia kwa moshi wa taa lakini ni magnolia, magnolia isiyo na ubishi. Upande wangu ulikuwa wa manjano kama karatasi ya zamani. Na mpaka ulionekana dhahiri kutoka mlangoni, juu umesogea, chini umerudi nyuma, pale hasa mgonjwa alipokuwa akiacha kuinama.

Mimi niliyechuna chai miaka sita, niliyeifuata hiyo hiyo chai ikipogolewa na kuota tena, niliangalia dirisha kama nilivyofundishwa, nikaona kijani, nikakichukulia kama mlima ambao hautaondoka. Kijani kile ndicho kilichokuwa kimezima wekundu wa magnolia na kuifanya ifanane na krimu.

Mama Chebet aliongea taratibu, akiutazama ule mstari. "Sasa wataona mahali alishindwa," akasema. "Watakaa hapa wakule, na kila mtu aone mahali nguvu iliisha."

"Nitarekebisha, mama."

"Rekebisha yako ifanane na yake. Yake usiguse."

Nikamwahidi. Aliniamini, akaniambia kesho yake ataenda Ndanai kwa kaka yake, nitaupata mlango wazi, shemeji yake, huyo baba mdogo wa Chebet, atakuwa nje akitengeneza benchi za wageni.

Alhamisi asubuhi nilipita kwa Mama Njeri. Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Lakini magnolia ilikuwa imeisha, na mzigo ungekuja Jumatatu. "Enda Kericho," akasema, "huko hukosi." Njia ya Kericho niliijua. Ningekwenda na kurudi siku hiyo hiyo, nikae usiku nikiwaza, Ijumaa asubuhi nichanganye, niitie manjano na kahawia kidogo kidogo ili ifanane na rangi iliyokula moshi miaka mitatu, nijaribu kwenye katoni, nisubiri ikauke, nijaribu tena. Ingewezekana. Ingekuwa kazi ngumu na ningeweza kushindwa mbele yake, lakini nafasi ilikuwapo. Nyumbani nilikuwa na nusu mkebe wa krimu uliobaki.

Nilijiambia mambo mengi njiani. Nilijiambia kwamba anachotaka ni ukuta mmoja. Nilijiambia kwamba wageni hawajui rangi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuaibika mara ya pili, na krimu ilikuwa mkononi.

Nilianzia mlangoni, kama yeye. Nilipitisha sandpepa kwanza, na ule unywele wa brashi ukatoka, ukaanguka sakafuni. Mkono wa fundi hufanya hivyo wenyewe, hauulizi. Nikachukua rola. Rola haina mshazari, vijana. Inalaza kila kitu. Mpigo mmoja mmoja wa yule mzee ukaenda chini ya krimu yangu, na nje nilisikia shemeji akipigilia misumari kwenye benchi na kupiga mluzi. Saa sita nilikuwa nimepiga mkono wa kwanza, saa nane kasoro wa pili. Mvua ilipoanza nilikuwa naosha rola.

Mama Chebet alirudi saa kumi na moja jioni, shuka limelowa mabegani. Alisimama katikati ya chumba, mwanga wa mvua ukiwa hafifu.

"Imekuwa moja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulirudia yako?"

"Ndiyo, mama."

Nilisema hivyo kwa urahisi kama mtu anayeitikia salamu. Akaniambia kongoi, asante, na akanialika Jumamosi nije kama mgeni, si kama fundi.

Ningekataa lakini kukataa kungekuwa tusi. Nikaenda, nimevaa koti, nikakaa karibu na mlango. Watu wa mume walikuja kumi na wawili. Wazee walizungumza, mursik ikapitishwa, mambo yakaenda vizuri. Ndipo baba mdogo akasimama. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema kwamba kaka yake angekuwa amekaa kwenye kile kiti, na kwa kuwa hayuko, yeye atawaonyesha wageni kitu alichoacha. Akanyoosha mkono.

"Hii ukuta, kutoka kwa mlango mpaka hapo kwa kabati, alipaka yeye mwenyewe. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Hatujaigusa."

Chebet aliinuka kutoka kwa wanawake, akaenda pale karibu na fremu ya mlango, hatua moja kutoka kwangu, akaweka kiganja chake ukutani na kukiacha pale. Mzee mmoja wa upande wa mume, mzee sana, alivua kofia. Akasema, "Basi sisi tumempata mzee nyumbani." Wakaitikia wote. Mimi niliweka kikombe changu chini, mursik ikiwa bado ndani. Kiganja cha yule msichana kilikuwa juu ya rola yangu ya Alhamisi.

Baada ya siku hiyo nilianza kuizunguka njia ile. Nikiwa na kazi Ndanai nilipita mbali, nikaongeza mwendo wa saa nzima, nikimwambia mke wangu natafuta wateja. Nililala vibaya. Krimu ikawa rangi ninayoichukia, na mteja akiitaja nilimsukumia magnolia hata pale krimu ilipofaa.

Mwisho nilimweleza Arap Mosonik. Alikuwa amestaafu, macho yake yameingia ukungu, akikaa nje ya nyumba yake na blanketi. Nilimweleza yote.

"Uliangalia dirisha?" akauliza.

"Niliangalia."

"Nje ilikuwa na nini?"

"Chai."

"Na chai inakaa hivyo siku zote?"

"Hapana, mzee."

Akatikisa kichwa. Nilingoja anitukane, maana alikuwa na ulimi. Akasema tu, "Hiyo ni kosa ya rangi, na rangi tunakosea. Hiyo ingine si ya rangi. Hiyo mimi sikukufundisha, na siwezi kukusaidia."

Nilienda kwa Mama Chebet wiki ile ile. Ilikuwa mwisho wa mwaka, alasiri, mvua imetoka kunyesha na kukoma. Chebet alikuwa amekwisha kuolewa. Chai nje ya dirisha ilikuwa imeanza kuchipua tena, kijani laini juu ya vile vijiti. Mama Chebet alinipa kiti mara hii, lakini sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, jicho langu likiwa ukutani, kwa sababu sikuweza kumwangalia. Nilimwambia kuhusu krimu na magnolia, kuhusu Kericho ambako sikwenda, kuhusu unywele wa brashi. Nilimwambia kwamba siku ya koito nilikuwa nimekaa pale nikisikia.

Aliusogelea ukuta. Nje matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati.

"Yake iko chini?" akauliza.

"Iko chini, mama. Haikuenda mahali."

"Basi toa yako."

Nilikuwa nimejua ataniambia hilo, na jibu nilikuwa nalo, lakini nilitaka alione mwenyewe. Nilisogeza kabati, pale ukutani ambapo mikono yetu ilikutana, nikalowesha kitambaa, nikachukua kikwangulio. Nikakwangua polepole kuliko nilivyowahi kukwangua maishani. Ilitoka, lakini ilitoka yote, yangu na yake pamoja, mpaka kwenye simiti. Nikajaribu tena pembeni, ikawa vile vile. Rangi ya maji juu ya rangi ya maji hushikana, na hakuna fundi atakayezitenganisha.

Nilimpa gamba moja lililokuwa limetoka zima, kama ukucha wa dole gumba kwa ukubwa. Alilipeleka dirishani, akaligeuza ubavu, akalisogeza karibu na macho. Kwa ubavu ziliweza kuonekana zote mbili, nyembamba sana.

"Hii yenye inakaa nyekundu ni yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii ya juu?"

"Ni yangu."

Aliliangalia mpaka nikatamani anipige. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, na katika lugha zote mbili lilikuwa neno dogo. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Alisema yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia Chebet, nisithubutu kwenda kwake.

Kisha akaugeukia ukuta.

"Sasa mtakaa hapo nyinyi wawili," akasema. "Lakini brashi yako isikuje kwa hii nyumba tena."

Nilirudisha kabati mahali pake. Yeye akafunga kiganja chake juu ya lile gamba, akachukua ndoo kwa mkono wa pili, akaenda kukamua ng'ombe.